Nimelipia Mfumo, Mbona Msimbo Si Wangu?

Ugomvi huu umekuwa wa kawaida mno. Chama cha akiba na mikopo kinamlipa kijana shilingi laki nne akitengenezee mfumo wa hesabu za wanachama. Mfumo unafanya kazi mwaka mzima. Kisha chama kinataka kuongeza mikopo ya dharura. Kijana keshapata shughuli nyingine na hapokei simu, fundi mpya anaitwa, na swali lake la kwanza ni: "Msimbo uko wapi?" Hapo ndipo wazee wa kamati wanapogundua kwamba hawajui msimbo wenyewe ni kitu gani, seuze mahali ulipo. Mmoja anasema tumelipa, ni wetu. Kijana naye, akipatikana, anasema nimeuandika kwa mikono yangu, ni wangu. Mwenye haki ni nani? Inategemea nchi waliyomo na karatasi waliyotia saini, kama ipo.

Neno "mfumo" ndilo linaloleta vurugu, kwa sababu linabeba vitu kadhaa kwa pamoja. Kuna msimbo chanzo, yaani maandishi ambayo mtaalamu anayaandika na mtaalamu mwingine anaweza kuyasoma na kuyarekebisha. Kuna programu inayoendeshwa, ile unayobonyeza kwenye simu. Kuna data, yaani majina ya wanachama na akiba zao. Kuna funguo: nywila za seva (kompyuta inayouendesha mfumo), akaunti ya jina la tovuti, akaunti ya duka la programu. Na juu ya hayo yote kuna haki ya kisheria, ambayo haishikiki wala haionekani. Mtu anaweza kuwa na kimoja akakosa vingine. Mwenye nywila zote huenda hana haki hata ya mstari mmoja, na mwenye haki yote huenda ameshapoteza nakala yake ya mwisho.

Tofauti ya msimbo chanzo na programu inayoendeshwa ni kama tofauti ya unga na andazi. Ukipewa andazi unaweza kulila, unaweza hata kukisia kwamba lina iliki, lakini huwezi kulirudisha kuwa unga. Programu ya Android iliyokwisha kukusanywa, yaani kugeuzwa kutoka msimbo kuwa lugha ya mashine, ndivyo ilivyo: kuna zana za kuifumua, ila kinachotoka mara nyingi ni makapi yasiyo na maelezo wala majina ya kueleweka. Si kila mfumo uko hivyo, hata hivyo. Tovuti iliyoandikwa kwa lugha kama PHP au Python huendeshwa moja kwa moja kutoka kwenye msimbo chanzo, kwa hiyo maandishi yamo ndani ya seva. Chama chetu, kama mfumo wake ni wa PHP na seva imelipiwa kwa jina lake, huenda kimekalia msimbo bila kujua. Kuufikia, lakini, si kuumiliki.

Sasa haki yenyewe. Sheria inauweka msimbo kapu moja na shairi. Mkataba wa TRIPS wa Shirika la Biashara Duniani, ulioanza kutumika tarehe 1 Januari 1995, unasema katika kifungu cha 10 kwamba programu za kompyuta zilindwe kama kazi za fasihi. Sheria ya Hakimiliki ya Tanzania Bara ya mwaka 1999 inazitaja programu pamoja na vitabu, vijitabu na maandishi mengine. Ya Kenya ya mwaka 2001 nayo inazihesabu kuwa kazi za fasihi. Zanzibar ina sheria yake, ya mwaka 2003. Wapo wanaocheka kusikia kwamba orodha ya hesabu za mikopo ni ndugu ya utenzi, lakini ukishalikubali hilo mengi yanafunguka.

Chukua tarbia: mishororo minne kwa kila ubeti, mizani kumi na sita kwa mshororo, nane kwa nane, vina vya kati na vya mwisho. Tarbia haina mwenyewe. Wala hakuna anayemiliki mada ya mapenzi, njaa au safari. Mtu yeyote anaweza kuandika tarbia ya mapenzi leo jioni. Ila akichukua beti za mshairi mwingine, akabadilisha jina la mpenzi akazitangaza, hapo ameiba. Kinacholindwa ni maneno yalivyopangwa na mtungaji. Wazo, umbo na mada ni mali ya wote. Katika programu, wazo la kutuma pesa kwa simu ni mada, njia ya kupiga hesabu ya riba ni bahari ya ushairi, na maelfu ya mistari aliyoiandika mtu fulani kutekeleza wazo hilo ndiyo beti.

Ndiyo maana ile hadithi ya siku nyingi huko Kenya, kwamba M-Pesa ilibuniwa na mwanafunzi wa chuo kikuu akaibiwa wazo, haifiki mbali kisheria hata kama mtu angeiamini. Historia inayojulikana ni kwamba mradi ulianzia Vodafone, Uingereza, ukapata ruzuku ya idara ya maendeleo ya serikali ya nchi hiyo. Programu ya mwanzo iliandikwa na kampuni ya Sagentia ya huko huko, na Safaricom ikaizindua huduma Machi 2007. Kwa miaka mingi jina na mfumo vilibaki mikononi mwa Vodafone. Ni mwaka 2020 tu ndipo Safaricom na Vodacom zilipovinunua kupitia kampuni yao ya pamoja. Mkenya aliyekuwa akisema "M-Pesa yetu" mwaka 2015 alisema kweli kwa mapenzi, lakini si kwa hati. Na wazo? Wazo halikumilikiwa na yeyote, ndiyo maana Airtel Money, Tigo Pesa na wengineo waliingia sokoni na huduma ya namna ile ile. Walichokuwa hawaruhusiwi ni kunakili msimbo, au kujiita M-Pesa, maana jina ni suala la alama ya biashara, sheria nyingine kabisa.

Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliusema mpaka huu waziwazi Mei 2012, katika kesi ya SAS dhidi ya World Programming. World Programming ilitengeneza programu inayofanya kazi zile zile za programu ya takwimu ya SAS bila kuuona msimbo wake, kwa kuisoma tu tabia yake. Mahakama ikasema kazi inayofanywa na programu, lugha yake ya kuandikia na muundo wa mafaili yake ya data havilindwi na hakimiliki ya programu.

Mpaka wenyewe lakini una matope. Oracle ilipoishtaki Google mwaka 2010, ubishi ulihusu mistari ipatayo 11,500 ya Java, lugha ya programu iliyokuwa mali ya Oracle, ambayo Google iliiweka ndani ya Android. Haikuwa mistari inayofanya kazi yenyewe. Ilikuwa ile inayotaja jina la kila kazi na jinsi ya kuiita, mfano wa faharasa na vichwa vya sura, na sura zenyewe Google iliziandika upya. Kesi ilikokotwa zaidi ya miaka kumi. Tarehe 5 Aprili 2021 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua, majaji sita kwa wawili, kwamba Google ilikuwa imeitumia mistari hiyo kwa haki, yaani matumizi ambayo sheria inayaruhusu bila idhini ya mwenyewe. Swali la kama vichwa hivyo vina hakimiliki majaji walilipita pembeni kwa makusudi, na hadi leo mawakili wanalila kwa kijiko.

Je, ni lazima usajili? Hapana, na hili linawapoteza wengi. Mkataba wa Berne, mkataba wa kimataifa wa hakimiliki, unakataza haki kufungwa kwenye usajili wowote, na Kenya na Tanzania zimo ndani yake tangu 1993 na 1994. Haki huzaliwa pale msimbo unapoandikwa ukahifadhiwa. Nchini Kenya inadumu maisha yote ya mwandishi na miaka 50 baada ya kifo chake, muda ambao kwa programu ni kichekesho, kwa kuwa nyingi hazifikishi hata kumi. Usajili wa hiari kwa Bodi ya Hakimiliki ya Kenya au COSOTA kwa Tanzania Bara una faida nyingine: unakupa ushahidi wenye tarehe ya mtu wa tatu. Waandishi wengi wa programu hutegemea historia ya Git, zana inayotunza kila badiliko la msimbo, lakini tarehe za Git huandikwa na kompyuta ya mwandishi mwenyewe, na yeyote anayejua anaweza kuzibadilisha. Historia iliyopakiwa kwenye seva ya nje siku hiyo hiyo ina uzito zaidi. Ushahidi mtamu kuliko wote ni makosa: jina lililokosewa tahajia, maelezo yaliyosahauliwa, kipande kisichotumika popote, vyote vikionekana vilevile kwenye programu ya mshtakiwa. Watu wawili wanaweza kufikia jibu moja sahihi kila mmoja kwa njia yake. Kukosea sawasawa mara thelathini si bahati.

Turudi kwa kijana na chama. Kanuni ya mwanzo ni kwamba mwandishi ndiye mmiliki wa kwanza. Akiwa mwajiriwa na ameandika kama sehemu ya kazi aliyoajiriwa kuifanya, haki huenda kwa mwajiri, na hapa nchi nyingi zinaelekeana. Watu hubishana kuhusu laptop ilikuwa ya nani na saa ngapi za usiku, ila swali zito zaidi ni kama kile alichoandika kimo ndani ya majukumu yake. Mhasibu aliyejitengenezea programu ya kupanga ratiba ya mechi za mtaani hana la kuhofia. Mwandishi wa programu wa benki aliyejitengenezea mfumo wa mikopo wikendi anatafuta matatizo, hasa kama mkataba wake, ambao pengine hakuusoma, unasema kila anachobuni ni cha benki.

Kwa asiye mwajiriwa, yaani kijana wetu, nchi zinaachana njia. Kenya, kifungu cha 31 cha Sheria ya Hakimiliki kinasema kazi ikiagizwa na mtu, haki inahesabiwa kuwa imehamia kwa aliyeiagiza, isipokuwa kama pande mbili zimekubaliana vingine. Kwa hiyo chama chetu kikiwa Nakuru, na hakuna mkataba uliosema tofauti, wazee wana hoja yenye nguvu. Uingereza ni kinyume: kwa sheria ya mwaka 1988 kandarasi, yaani mtu wa kazi za kuagizwa, anabaki na haki, na mteja aliyelipa anapata ruhusa ya kutumia tu mpaka haki ihamishwe kwa maandishi yenye saini. Marekani nako programu ya kuagiza kwa kawaida hubaki kwa aliyeiandika mpaka atie saini kuihamisha, kwa kuwa sheria inataja aina tisa tu za kazi za kuagiza zinazoweza kuwa mali ya mteja tangu mwanzo, na programu ni nadra kuingia humo. Kijana wa Mombasa anayemwandikia mteja wa London asiegemee kifungu cha nchi yoyote. Aandike kwenye mkataba ni sheria ya nchi gani itakayotumika na haki zinahama lini.

Hilo la "lini" ndilo kandarasi wengi wa Kenya wanalisahau. Kifungu cha 31 hakisemi haki ihamie baada ya malipo ya mwisho. Kama umeagizwa kazi kwa awamu tatu na mteja amekwama awamu ya kwanza, kudai deni ni jambo moja na kudai msimbo ni jingine. Sentensi moja inatosha kukuokoa: "Hakimiliki ya msimbo itabaki kwa Mtengenezaji na itahamia kwa Mteja siku malipo yote yatakapokamilika." Mteja naye aongeze yake: apewe msimbo chanzo kila awamu inapoisha, usisubiri siku ya mwisho. Tanzania Bara na Zanzibar andikeni vivyo hivyo, msiachie kukisia. Makubaliano ya mdomo hayatoshi kuhamisha haki nchini Kenya. Sheria inataka maandishi na saini ya anayehamisha, kwa hiyo "sawa boss" ya WhatsApp isikutie moyo.

Marafiki wawili wanaoanzisha kampuni wana shimo lao. Mmoja anaandika msimbo miezi sita kabla kampuni haijasajiliwa. Kampuni inazaliwa, mwekezaji anakuja, halafu inabainika kwamba kampuni haimiliki chochote, kwa sababu msimbo uliandikwa na mtu binafsi kabla ya kampuni kuwapo na hakuna karatasi ya kuuhamisha. Karatasi hiyo ni ya ukurasa mmoja. Kuitafuta saini baada ya marafiki kukosana ni kazi ya mwaka mzima.

Mpaka hapa tumezungumza kana kwamba kijana aliandika kila mstari. Hakuandika. Hakuna anayeandika kila mstari siku hizi. Tovuti nyingi zinazouzwa kama "nimeijenga kuanzia sifuri" ni WordPress, programu huria ya kujengea tovuti, pamoja na mandhari ya kununua na vijalizi kumi na viwili, yaani vipande vya kuongeza uwezo, na sehemu iliyoandikwa na muuzaji ingetoshea kwenye kurasa tano. Sehemu zile nyingine zina wenyewe, na wenyewe wametoa leseni, yaani ruhusa yenye masharti. Mtu hawezi kukuuzia umiliki wa asichokimiliki.

Programu huria, ambazo watu huziita za bure, nazo zina wenyewe. Leseni ya MIT inaruhusu karibu kila kitu, mradi uache tangazo la hakimiliki na maandishi ya leseni yalipo. GPL, inayosimamia WordPress na kiini cha Linux, inasema ukimpa mtu programu iliyojengwa juu yake, umpe na msimbo chanzo kwa masharti yale yale. Hapa wafanyabiashara hushtuka bila sababu: ukiitumia kwenye seva yako tu, bila kumpa mtu nakala, sharti hilo la GPL haliwaki. Linawaka kwenye AGPL, iliyotungwa makusudi kwa huduma za mtandaoni, ambapo anayeitumia programu uliyoibadilisha kupitia mtandao ana haki ya kupewa msimbo wake. Na masharti haya si mapambo. Mwaka 2008 mahakama ya rufaa ya Marekani, katika kesi ya Jacobsen dhidi ya Katzer, ilisema kuyavunja kunaweza kuwa uvunjaji wa hakimiliki wenyewe.

Msimbo uliowekwa GitHub, jukwaa la mtandaoni la kuhifadhi msimbo, bila leseni yoyote ni mtego zaidi. Watu hudhani uko wazi kwa wote. Masharti ya GitHub yanawaruhusu wengine kuutazama na kuunakili humo humo kwenye jukwaa, basi. Kuuchukua ukautia kwenye bidhaa yako hujaruhusiwa, kama vile mlango ulioachwa wazi si mwaliko wa kubeba redio. Ni hivyo hivyo kwa JavaScript, msimbo wa kurasa za wavuti, ambayo kila kivinjari kinaionyesha ukibonyeza mara mbili tatu. Mandhari ya kununua, kwa upande wake, mara nyingi huja na leseni ya tovuti moja. Anayeinunua mara moja akaitia kwa wateja kumi amevunja masharti mara tisa. Anayetumia ile iliyovunjwa kufuli mtandaoni anavunja pia, na mara nyingi anamletea mteja wadudu waliofichwa ndani.

Kuna imani nyingine inayotembea vyuoni: ukibadilisha asilimia thelathini ya msimbo unakuwa wako. Hakuna asilimia kama hiyo katika sheria. Kubadilisha majina ya vigezo, yale majina yanayobeba thamani ndani ya msimbo, ni kubadilisha jina la mpenzi kwenye shairi. Kuuhamisha msimbo kutoka PHP kwenda Python mstari kwa mstari ni tafsiri, na haki ya kutafsiri ni ya mwenye kazi, sawa na riwaya. Mwenye nakala halali, hata hivyo, si mfungwa. Sheria ya Kenya inamruhusu kutengeneza nakala ya akiba, kurekebisha makosa, hata kuifumua programu ili apate taarifa za kuiwezesha iongee na programu nyingine.

Hataza, yaani haki ya uvumbuzi, ni habari tofauti, na kwa wengi wetu si njia. Inatolewa na KIPI, taasisi ya mali za ubunifu ya Kenya, au BRELA, wakala wa usajili wa Tanzania Bara, inadai uvumbuzi mpya, haizaliwi yenyewe bila maombi, na inadumu hadi miaka 20. Mkataba wa Hataza wa Ulaya unazikataa programu zenyewe kama programu. Marekani nako, tangu uamuzi wa Mahakama ya Juu katika kesi ya Alice mwaka 2014, wazo la kawaida haliwi uvumbuzi kwa kutiwa kwenye kompyuta.

Vipi msimbo ulioandikwa na akili unde? Marekani msimamo ni kwamba hakimiliki inahitaji mwandishi binadamu, na mahakama ya rufaa ya Washington iliuthibitisha Machi 2025 katika kesi ya Thaler, iliyohusu picha. Kenya ina kifungu kilichoandikwa kabla ya fujo hizi: kazi au programu iliyozalishwa na kompyuta, mwandishi wake ni mtu aliyefanya maandalizi ya kuiwezesha izaliwe. Kwa hiyo msimbo ule ule unaweza kuwa na mwenyewe Nairobi na kukosa mwenyewe New York. Kandarasi anayeahidi kwenye mkataba kwamba kila mstari ni wake na anauhamisha wote, huku nusu umetoka kwa mashine, anaahidi asichoweza kukithibitisha.

Kijana asipolipwa, asijaribu kuuzima mfumo kwa mlango wa siri aliouacha. Hata kama hakimiliki ni yake, data ya wanachama si yake, na kuingilia mfumo wa mtu bila idhini kunaangukia Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya Kenya ya 2018 au Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya 2015. Ankara, barua ya wakili, mahakama: ndizo njia zake.

Na chama kikae naye mezani kabla hajaondoka. Kiombe hazina nzima ya msimbo (folda yake lote la Git) pamoja na historia yake, si faili la zip la wiki iliyopita. Kiombe muundo wa hifadhidata na nakala ya data, pamoja na faili la mipangilio lenye funguo za Daraja, huduma ya Safaricom ya kuunganisha mifumo na M-Pesa, kama mfumo unapokea malipo hayo, kisha funguo hizo zibadilishwe siku hiyo hiyo. Jina la tovuti liwe limesajiliwa kwa jina la chama na barua pepe ya chama, kwa sababu mara nyingi hukutwa kwa jina la fundi. Kama kuna programu ya Android, kiombe faili la ufunguo wa kutia saini, unaothibitisha kwamba toleo jipya limetoka kwa mwenye programu, na nywila zake. Programu mpya kwenye Play Store tangu Agosti 2021 huwekewa ufunguo mkuu na Google, na ule wa kupakia unaweza kuombwa upya. Za kabla ya hapo ambazo hazikuhamishiwa mpango huo hazina msamaha: ufunguo ukipotea, chama kitalazimika kuchapisha programu mpya kwa kitambulisho kipya na kumwomba kila mwanachama aipakue upya.